Mto, Mchuzi na Baiskeli ya Mtumba

Mke wangu hana ugomvi na baiskeli. Ugomvi wake ulikuwa na mzunguko. Nilipomweleza kwamba Jumamosi nitatoka nyumbani alfajiri, nipite Ihumwa, nifike Hombolo, nikate kushoto mpaka Makutupora, kisha nirudi na barabara ya Arusha kupitia Veyula na Msalato hadi mlangoni petu, aliweka mwiko chini akaniuliza, "Yaani unatoka hapa, unakwenda hapa?"

Nikasema ndiyo.

"Basi, baba, umeshafika. Kaa unywe chai."

Wazo lenyewe nililetewa na simu. Usiku mmoja nilikuwa natazama video ya wazee wa Kijerumani, mtu na mkewe, mvi tupu wote wawili, wakiendesha baiskeli kando ya mto Mosel. Kuna njia ya baiskeli inayoufuata mto huo kutoka mpakani na Ufaransa mpaka Koblenz, unakomwaga maji yake kwenye Rhine. Upande mmoja maji, upande wa pili mizabibu imeupanda mlima kama ngazi. Kila wakifika kijiji wanashuka, wanaonja mvinyo kidogo, wanafuta midomo, wanaendelea. Hakuna aliyetokwa na jasho. Nikajiuliza, hawa wana nini ambacho Dodoma haina? Zabibu tunazo tangu miaka ya 1950, wamisionari Wakatoliki walipozipanda Bihawana. Tena wenzetu wanavuna mara moja kwa mwaka, sisi mara mbili. Na mto? Nikafungua ramani. Mstari wa buluu huo hapo, Kinyasungwe Ndogo, unajipindapinda kaskazini ya mji mpaka unaingia kwenye bwawa la Hombolo. Mto, zabibu, baiskeli. Usingizi ukaniruka.

Hapa inafaa nijieleze. Mimi ni mtu wa Muheza, nimeletwa Dodoma na barua ya uhamisho mwaka 2019. Mtu wa mkoa wa Tanga akisema mto, anakusudia kitu kama Pangani: kina maji asubuhi, kina maji jioni, kina mitumbwi, na kina mamba wa kutosha kukutia adabu. Na akisema mchuzi, anakusudia samaki na tui la nazi. Naomba msomaji anikumbukie mambo hayo mawili, maana mimi mwenyewe niliyapuuza.

Maandalizi yalichukua wiki tatu. Nimekaa ofisi za umma miaka kumi na tisa. Siwezi kwenda hata sokoni bila mpango kazi. Nikachukua daftari la mtoto, nikapiga mistari, nikaweka safu nne: Namba, Shughuli, Muda, Mhusika. Shughuli namba 1, kuondoka. Namba 4, kunywa chai Ihumwa, dakika 15. Namba 7, kutia miguu mtoni, dakika 20, mhusika: wote. Umbali niliupima kwa uzi wa cherehani wa mke wangu, nikiulaza juu ya ramani na kuupindisha kila njia ilipopinda, nikapata kilomita 90 na ushei. Uzi ni kipimo kizuri sana, ila una kasoro moja: haupandi vilima wala hauzami mchangani.

Upepo nao niliupangia. Mtu yeyote aliyewahi kuanika nguo Dodoma wakati wa kiangazi anajua kwamba upepo wa huku unatoka mashariki na haubembelezi. Kwa hiyo nikapanga tuanze mashariki asubuhi, tukiwa na nguvu, tupambane nao uso kwa uso. Alasiri tugeuke magharibi, utusukume mgongoni mpaka nyumbani. Niliuandika upepo kwenye safu ya Mhusika. Sijawahi kujivunia waraka wa serikali kama nilivyojivunia daftari lile.

Baiskeli ilikuwa ya mtumba, moja ya zile zinazotoka Japani zikiwa na kikapu mbele na kibandiko cha maandishi ambayo huenda yanasema ni mali ya shule fulani. Ilikuwa na gia sita, nne zikiwa pambo. Niliipeleka kwa fundi anayefanya kazi chini ya mti karibu na soko la Majengo. Akalizungusha gurudumu, akasikiliza kama daktari, akaniambia, "Mzee, kule shambani kuna mbigili. Nunua tyubu mbili za akiba, viraka na solusheni mpya." Nikamshukuru. Nikanunua kengele.

Najua utacheka. Lakini kengele ile ilikuwa inang'aa, na bei yake ilikuwa chini ya tyubu moja. Nyumbani nilikuwa na solusheni niliyoinunua mwaka wa kuhamia.

Kisha nguo. Nilikuwa nimeagiza kaptula ya kuendeshea baiskeli, ya kubana, yenye sponji nene makalioni. Niliivaa Ijumaa usiku kwa majaribio. Binti yangu wa darasa la tatu akatoka chumbani, akanitazama, akarudi kumwita mama yake kwa sauti ya kunong'ona: "Mama, baba amevaa nepi."

Mwenzangu wa safari alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, Mgogo wa kwao hasa, mwalimu wa jiografia wa sekondari. Nilimchagua kwa sababu anaijua njia, ana baiskeli ya chuma nyeusi isiyojua kuharibika, na ni mtu asiyelalamika. Nilimpigia picha mpango kazi nikamtumia. Akajibu kwa neno moja: "Sawa."

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa getini, nepi yangu mwilini, ndizi nane kikapuni, kengele ikimeremeta. Mlinzi wa jirani alinimulika tochi mara mbili. Saa kumi na mbili kasorobo bado sijamwona mtu. Nikapiga simu. Ikaita, ikaita, ikapokelewa na sauti iliyotoka chini ya blanketi.

"Shemeji, uko wapi?"

"Niko kitandani, shemeji. Kwani saa ngapi?"

"Mpango si unasema kuondoka 5:30!"

Kimya kidogo. "Ndiyo, umeandika saa tano na nusu. Nikasema shemeji kaamua tuondoke jua likishakuwa kali, labda daktari wake ndivyo alivyomwambia."

Nilikuwa nimenakili saa kutoka kwenye simu, kama ilivyo, kwa tarakimu za kizungu. Wiki tatu za maandalizi, na nilikuwa nimewapangia watu wazima wawili kuondoka karibu na adhuhuri. Tuliondoka saa moja na nusu. Mke wangu alitupungia mkono akiwa mlangoni na kikombe cha chai.

Barabara ya Dar es Salaam asubuhi si Mosel. Malori yanakupita yakikuvuta upande, mabasi yanakusukuma upande wa pili, na katikati yupo upepo, ambaye alikuwa amefika kazini mapema kuliko wahusika wengine wote. Nilikanyaga pedeli kwa nguvu zote, nikapitwa na mama mmoja aliyebeba kuni kwenye keria. Shemeji alikuwa mbele yangu hatua chache, mgongo umenyooka, akiendesha kama mtu anayekwenda kusahihisha mitihani. Mimi nilijifariji kwa kupiga kengele na kusalimia. Najua neno moja la Kigogo, mbukwenyi, na siku ile nililitumia bila ubahili. Nilimsalimia mama wa kuni, nikawasalimia vijana wa bodaboda, nikalisalimia kundi la mbuzi lililokuwa na mchungaji, nikaja kulisalimia na jingine lisilokuwa naye.

Pale Ihumwa walikuwa wanajenga barabara ya mzunguko wa jiji. Kilomita 112.3, inatoka Nala, inapita Veyula, inakuja Mtumba na Ihumwa, inazungukia Matumbulu, inarudi Nala. Niliposhuka kunywa chai nilimpigia mke wangu kumweleza kwamba hata serikali inatoka Nala inakwenda Nala, na hakuna aliyeiambia kwamba imeshafika. Akasema serikali haina nepi.

Mwenye mgahawa naye aliuliza tunakwenda wapi. "Tunazunguka tu," nikamjibu. Akaniangalia kwa huruma. Kwa Kiswahili chetu mtu anayezunguka tu ni mtu asiye na kazi, au aliyekorofishana na wa nyumbani. Akaniongezea chapati moja bure.

Kutoka Ihumwa tuliiacha lami ya malori tukashika njia ya kaskazini, na hapo kusema kweli niliipenda Dodoma kwa mara ya kwanza tangu nisaini barua ile ya uhamisho. Mibuyu imesimama mbalimbali kama wazee walionuniana. Udongo mwekundu, anga haina hata uzi wa wingu. Mwezi wa tisa huku hakuna kinachojidai. Majani yamekwisha, mashamba ya uwele yamebaki mabua. Halafu ghafla, katikati ya ukavu ule, unaona mistari ya kijani imenyooshwa kwa nguzo na waya, na chini ya majani vishada vyeusi vinaning'inia vizito kama vimesahauliwa na mtu. Nilishuka kwenye baiskeli nikasimama. Shemeji naye akasimama, akaangalia saa, akasema kwamba kwa mujibu wa shughuli namba 5 tumechelewa saa mbili na dakika arobaini.

Bwawa la Hombolo lilichimbwa na Waingereza mwaka 1957, na lipo hapo mpaka leo, pana, la kahawia, likikamata kile kinacholetwa na Kinyasungwe Ndogo. Wavuvi walikuwa wanapanga perege juu ya majani. Niliona maji mengi nikafarijika: kama bwawa limejaa hivi, nikawaza, mto wenyewe utakuwaje! Shemeji alinisikia nikilisema hilo kwa sauti. Alitazama pembeni.

Karibu na bwawa shemeji ana mzee wake, ndugu wa baba yake kwa namna ambayo alinieleza mara mbili na sikuielewa. Mzee ana ekari mbili za zabibu. Tukamkuta kivulini. "Shikamoo babu." "Marahaba, wajukuu. Mnatoka wapi?" "Mjini." "Mnakwenda wapi?" Nikataka kusema mjini, nikajizuia, nikasema tumekuja kumsalimia. Akafurahi sana. Ni jibu ambalo ningelitumia tangu asubuhi.

Mzee akatupitisha shambani. Hapa nilijifunza mengi kuliko nilivyostahili. Kule Ulaya baridi ndiyo inayoulaza mzabibu. Unapukutisha majani, unasinzia, unaamka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo anayeuamrisha mzabibu ni mkulima mwenye mkasi. Ukipogoa leo, umeuambia kwamba mwaka mpya umeanza. Miezi kadhaa baadaye una vishada. Ndiyo sababu wanavuna mwezi wa pili au wa tatu, kisha tena wa nane au wa tisa. Mkulima anapulizia salfa kupambana na ubwiri, anawafukuza ndege, anawafukuza na watoto wanaofukuza ndege, kwa sababu nao wanakula. Aina aliyokuwa nayo mzee ni Makutupora Nyekundu, ile yenye jina la mahali tulipokuwa tunaelekea. Nilichuma moja nikala. Ilikuwa tamu kwanza, halafu ikanikaba shavu kwa ndani.

Kwa kweli nilikuwa na njaa ya kuona kizunguzungu. Ndizi nane zilikuwa zimekwisha kabla ya Ihumwa, nyingine nikiwa nimezitafuna kwa hasira ya upepo. Kwa hiyo mzee aliposema, "Mtakula ugali, na mchuzi upo," moyo wangu uliruka.

"Babu," nikamwambia, "ugali mimi nipe kidogo tu. Mchuzi ndio uwe mwingi."

Mzee akamtazama shemeji. Shemeji akasema, "Shemeji yangu ni mtu wa pwani." Mzee akatikisa kichwa kama aliyeelewa, akatoa agizo ndani.

Ukaja ugali wa uwele, mweusi, unatoa moshi. Ikaja bakuli ya mlenda. Na mwisho likaja jagi la plastiki la lita mbili, limejaa kitu chekundu. Mimi nikaona nyanya. Nikaona mchuzi mwepesi wa nyama, labda nyama zimezama chini. Nikanawa, nikanyanyua jagi, nikamwaga juu ya ugali wangu mpaka ukawa kisiwa.

Watu wote wakanyamaza. Hata kuku niliwaona wamesimama.

Kumbe Hombolo nzima, Dodoma nzima, isipokuwa mimi, inajua mchuzi ni nini. Zabibu ikishavunwa haina subira. Ndani ya siku chache inaanza kuharibika, na mkulima asiye na mnunuzi mlangoni anaitazama ikimfia. Kwa hiyo wanaikamua, wanaiacha ichachuke kwenye matangi, na kinachopatikana ndicho mchuzi wa zabibu. Huo unaweza kusubiri. Unauzwa kwa lita kwa wenye viwanda, nao wanaumalizia, wanautia kwenye chupa na kuubandika jina. Mzee alinieleza hayo yote kwa upole, taratibu, akinitazama nilivyokuwa nakula. Maana nilikula. Mtu wa Muheza hawezi kukiacha chakula cha mwenyeji, tena alichokiagiza mwenyewe na kusema kiwe kingi. Nilimega, nikachovya, nikameza. Kwa matonge matatu ya kwanza lilikuwa jambo la aibu. Kufikia la kumi nilikuwa nimeanza kumwambia mzee kwamba kwetu Tanga watu hawajui kula.

Mimi si mnywaji wa kutajika. Na hapa sikunywa, ieleweke, nilikula. Baada ya hapo kinachokumbukwa ni kivuli cha mizabibu, mkeka, na sauti ya shemeji kwa mbali ikisoma daftari: "Shughuli namba 6, kupumzika, dakika kumi na tano." Nilipofumbua macho jua lilikuwa limehamia upande mwingine wa mti. Ilikuwa saa kumi na nusu.

Tukapanda baiskeli tukageukia magharibi, na upepo, kama ulivyopangwa, ukatushika mgongoni. Huu ndio uliokuwa wakati wangu wa ushindi. Nilimwambia shemeji aone sasa faida ya kupanga. Dakika tano baadaye niligundua jambo ambalo uzi, ramani na wazee wa Mosel hawakunidokeza: upepo ukikusukuma kutoka nyuma kwenye njia ya vumbi, vumbi lako hulipiti. Mnakwenda wote, kwa mwendo mmoja, kama familia. Ukiongeza mwendo nalo linaongeza. Ukisimama linakupita, halafu linakusubiri mbele. Tuliendesha ndani ya wingu jekundu ambalo lilikuwa letu wenyewe. Watu tuliokutana nao walisikia kengele kwanza, kisha mbukwenyi, kisha kikohozi.

Kila tuliyemwuliza kuhusu Makutupora alisema ni hapo tu. Mama wa kwanza alinyoosha kidole akasema hapo tu. Baada ya saa nzima kijana mwenye ng'ombe akasema hapo tu, ukishavuka korongo. Nilimwuliza shemeji mbona hapo tu haifiki. Akanifafanulia kwamba inategemea mtu amelivutaje neno. "Yule mama alisema hapooo," akasema. "Hukumsikia? Ile ni kilomita ishirini."

Tukafika ukingoni. Njia iliteremka ghafla, ikatumbukia kwenye bonde la mchanga mweupe, pana kama uwanja wa mpira, ikatokea upande wa pili. Nikashuka, maana gurudumu la mbele lilikuwa limezama mpaka kwenye spoku. Tukaanza kusukuma. Kusukuma baiskeli mchangani ni kazi ya ajabu: unasukuma mbele, inakwenda chini. Katikati palikuwa na wanawake wawili wamechimba shimo, mmoja yuko ndani yake mpaka kiunoni, anachota maji kwa kopo na kujaza ndoo, taratibu, kopo kwa kopo.

"Mbukwenyi," nikawasalimia. "Samahani dada zangu, mto uko wapi?"

Yule wa shimoni akanitazama kuanzia kengele mpaka nepi.

"Umesimama ndani yake, kaka."

Nikageuka kumtafuta shemeji. Mwalimu wa jiografia alikuwa ameshaanza kunifundisha. Eneo hili, akasema, halipati hata milimita 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili. Wakati huo korongo hili hulivuki. Linakuja usiku likinguruma. Wakati mwingine wote mto umelala chini ya mchanga, na anayeutaka anauchimba. Maji haya yakishapita Hombolo yanateremka mpaka Gulwe, yanakwenda Kilosa na kuitwa Mkondoa, yanaingia Wami, yanamwagikia baharini upande wa Saadani.

"Ulijua tangu mwanzo kwamba ni mkavu?"

"Kila mtu anajua, shemeji."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama naijua njia."

Nikavua viatu. Sikuweza kurudi nyumbani na daftari lenye pengo. Nikatia miguu kwenye mchanga wa Kinyasungwe Ndogo, ukanifika vifundoni, wa moto juu, wa baridi chini. Dada wa shimoni alitutilia maji kwenye chupa, matamu kuliko maji yoyote niliyowahi kununua, akatuuliza tunakwenda wapi. Shemeji akamjibu kwa Kigogo, maneno mengi. Wakacheka mpaka kopo likaanguka. Mpaka leo hajanitafsiria.

Ng'ambo ya korongo ndipo mbigili walipokuwa wanatungoja. Tairi ya nyuma ilitoa sauti ya mtu anayemnyamazisha mtoto, nikakaa chini. Nilihesabu matundu tisa kwenye tyubu. Solusheni yangu niliifungua ikawa imekauka ndani kama ulimbo wa mwaka juzi. Shemeji, ambaye baiskeli yake ya chuma ilikuwa imepita juu ya miiba ile ile bila kushtuka, alikwenda akarudi na kijana fundi kutoka kwenye nyumba za jirani. Kijana hakuwa na kiraka. Alikuwa na wembe na raba ya tairi kuukuu. Akakata sehemu yote yenye matundu, akaunganisha ncha mbili kwa fundo kubwa, akalikaza kwa raba, akajaza upepo. "Itafika," akasema. Nikauliza Makutupora ni mbali? "Hapo tu." Nilisikiliza kwa makini. Alilivuta.

Baiskeli yenye fundo kwenye tairi inakwenda vizuri kabisa, isipokuwa mara moja katika kila mzunguko wa gurudumu inakurusha. Juu, chini. Juu, chini. Sponji yote ile niliyoinunua ilikufa pale. Giza lilikuwa limeingia, na mtu yeyote aliyeniona kwa mbali angedhani ni mzee mmoja anayekubali kila anachoambiwa. Kengele haikuhitaji tena kidole. Ililia yenyewe kila fundo lilipogusa ardhi.

Tulitokea kwenye lami ya barabara ya Arusha saa mbili na robo usiku. Kulikuwa na Fuso limesimama, limepakia kreti za zabibu, dereva anakagua matairi. Tukamwomba lifti.

"Mnakwenda wapi?"

"Mjini," akasema shemeji.

"Mmetoka wapi?"

Tukatazamana. "Mjini," nikasema mimi.

Dereva alitumulika taa ya simu, akaona vumbi, akaona kaptula, akaona midomo yangu ambayo bado ilikuwa myekundu kwa mchuzi. Hakuuliza tena. Alitutoza nauli ya watu wawili na baiskeli mbili, akatuambia tukae juu ya kreti na tusile mali ya watu. Veyula ilipita, Msalato ikapita, taa za mji zikatokea chini yetu, na mimi nililala chali juu ya tani za Makutupora Nyekundu nikila kwa siri. Mke wangu alipofungua mlango alikuwa ameshika kikombe. Sina hakika kama kilikuwa kile kile.

"Karibu," akasema. "Habari za huko?"

Januari iliyofuata nilikuwa natoka Tanga, nikapitia Dar es Salaam, nikapanda treni ya kawaida, ile ya reli ya zamani, kurudi kazini. Tulifika Kilosa usiku tukasimama. Asubuhi tukawa tumesimama bado. Tukaambiwa mbele huko, upande wa Gulwe, mvua zimenyesha juu, mto umetoka kwenye njia yake, umebeba tuta na kuiacha reli inaning'inia kama kamba ya nguo. Abiria wakaanza kulaumu kila waliyemjua. Mimi nilimwuliza mhudumu mto huo unaitwaje.

"Kinyasungwe," akasema.

Nilikaa pale Kilosa siku nzima na robo ya pili, nikala mahindi ya kuchoma mara nne. Jioni nikamtumia shemeji ujumbe kwamba nimekwama, maji yamekata reli, sijui nitafika lini.

Akajibu mara moja, jambo ambalo si kawaida yake.

"Si ulitaka mto, shemeji."